Jina Kwenye Kioo cha Kijani

Sosiot,
14 Septemba 1997

Kwa dada yangu Rebeccah,

Chamgei! Natumai karatasi hii itakukuta una nguvu, wewe na shemeji Phelix, na kwamba jua la Lodwar halijawakausha mkawa omena. Naandika kwa Kiswahili makusudi ili shemeji naye asome, asije akadhani tunamteta kwa Kikipsigis. Mama anakusalimu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike mwenye kiburi kama cha mamake. Chai imekubali, ingawa barabara ya kwenda kituo cha kuuzia imekuwa mashimo matupu. Mimi bado niko kiwandani upande wa stima, na nikitoka kazini naingia kwenye lile banda la ndama kuamsha wafu wangu. Unawajua wafu wangu: kompyuta kuukuu za nyumbani ambazo wazungu wa mashamba ya chai waliziacha walipokuwa wanarudi kwao, na monita zake nzito kama mawe ya kusagia. Mama huniuliza, "Wewe Kipkurui, hiyo kitu ilikufa kitambo, kwa nini hauiachi ipumzike?" Baba ndiye peke yake aliyekuwa akiniunga mkono. Alikuwa akileta kigoda chake, anaketi, anatazama nikichomelea waya, na moshi wa risasi iliyoyeyuka ukipanda anasema harufu yake ni tamu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nitafute kalamu. Rebeccah, kaa chini kwanza. Mwezi uliopita Baba alianguka kituoni akiwa kwenye foleni ya kupima chai. Tulimpeleka hospitali ya Kapkatet, wakamtibu vizuri, akarudi nyumbani. Lakini upande wa kulia umekufa, mdomo umepinda, na sauti imekwenda. Sisemi kwamba anaongea kwa shida. Nasema haongei kabisa.

Najua unachofikiria, kwa sababu mimi nakifikiria kila siku. Nilikuwepo pale langoni mwaka wa tisini na tatu ulipochukua sanduku lako kumfuata Phelix. Nilimsikia Baba kwa masikio haya: "Usikanyage hapa tena mpaka nikuite na mdomo yangu mwenyewe." Kwetu, neno la mzazi hutolewa na yeye aliyelitia. Akifa bila kulitoa, linabaki. Na huo mdomo ndio huu uliopinda.

Lakini usilie bado. Nina mpango. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kinatii.

Ni mimi mdogo wako,
Kipkurui


Lodwar,
2 Oktoba 1997

Ndugu yangu Kipkurui,

Nimepokea barua yako na nimeisoma nimesimama, kwa sababu sikukusikia uliposema nikae. Halafu nikakaa. Phelix alikuta ugali umeungua na mimi niko chini sakafuni. Anakusalimu. Kazi yake ya kutengeneza pampu za visima inaendelea. Juzi alirudi kutoka Lokichar na vumbi mpaka kwenye meno. Huku ni joto tu, na mbuzi wa majirani wanaokula nguo zangu kwenye kamba.

Pole, na umpe pole Mama. Je, anamgeuza Baba kitandani? Mwambie amgeuze mara kwa mara, asipate vidonda vya mgongo. Je, Baba anakula? Anatujua majina? Nikitajwa anafanya nini? Au hakuna anayethubutu kunitaja?

Na je, si mngemwuliza tu swali akatikisa kichwa? Au kalamu? Yeye alikuwa karani wa chai miaka yote ile, mwandiko wake ulikuwa wa kuwekwa ukutani. Hiyo mipango yako ya kompyuta naiogopa. Ulianza na redio ya Baba ukiwa darasa la sita, na haikuimba tena mpaka leo. Usicheke, nasema kweli. Hili si jambo la kuchezea na bisibisi.

Sisi ni watu wa kanisa. Mchungaji wa hapa ameniambia laana haimshiki aliyeokoka, nami nasema amina. Lakini Kipkurui, wewe unajua nimezika wangapi. Yule wa kwanza hakufika hata kuwa mtu. Yule wa pili alizaliwa mzuri, ana nywele, ana kucha, na hakulia. Nikisema amina mdomo unasema, tumbo linanyamaza.

Fanya haraka uwezavyo. Sitasema zaidi.

Dada yako,
Rebeccah


Sosiot,
19 Oktoba 1997

Mpendwa dada,

Salamu kutoka kwa watu walioloa. Mvua hii wanayoiita El Niño imekuja na hasira za kwake. Choo cha majirani, kina Ratemo, kimezama chote, bahati njema hakikuwa na mtu. Simu ya kiwanda imekufa. Mama yuko sawa ila magoti yanamsumbua, na ndama jike sasa anakunywa maziwa kwenye ndoo bila kupigana na mtu.

Uliniuliza kuhusu kichwa. Baba anatikisa kichwa kwa kila kitu. Nilimwuliza kama anataka uji, akakubali. Nikamwuliza kama yeye ni ng'ombe, akakubali vilevile. Kalamu inamwanguka. Nesi alitushauri tuandike herufi kubwa kwenye kadibodi aonyeshe moja moja. Mama alipozileta, Baba alizisukuma zote chini akageukia ukuta. Karani mzee kufundishwa a-e-i-o-u kama mtoto wa nasari, ungetaka afanye nini?

Lakini nilipombeba mpaka kwenye banda na kumkalisha kwa mito, Rebeccah, ungemwona! Jicho liliamka. Nilikuwa nimefungua ile kompyuta ya rangi ya maziwa, ile ambayo vitufe vyake na ubongo wake ni kitu kimoja. Nilipochomelea, moshi ulipopanda, alifumba macho akavuta pumzi. Hapo nikajua mlango ni huu. Akiweza kubonyeza kitufe, herufi itatokea kwenye kioo, kubwa na ya kijani, bila mtu kumshika mkono wala kumdharau.

Kompyuta imeamka. Tatizo ni monita. Badala ya picha napata mstari mmoja mwembamba wa kijani katikati, umelala. Na stima inakatika kila mvua ikinguruma, na hii mashine haina kumbukumbu: ikizimika, kila ulichoandika kimekwenda, unaanza upya. Kanda zangu za kaseti za kuhifadhia zimeota ukungu zote. Sijali. Nitaanza upya kila siku mpaka niweze.

Na usinitaje tena kuhusu ile redio. Ilikuwa imekufa kabla sijaigusa.

Kipkurui


Lodwar,
3 Novemba 1997

Ndugu yangu,

Natumai mko salama na maji. Huku nako mvua imenyesha, jambo ambalo watu wanalizungumza kama harusi. Mto Turkwel umejaa na unabeba miti mizima. Phelix hajambo, amekonda kidogo. Anasema nikuambie ule mstari mmoja wa kijani huenda ni kiungo kilichopasuka, si kitu kikubwa. Yeye huona hivyo kwenye vidhibiti vya pampu. Mimi sijui, naandika tu anavyosema huku ananichungulia begani.

Sasa ametoka, nikuambie. Nina mimba, Kipkurui. Mtoto anatarajiwa Februari. Sikukuambia kwa sababu wale wawili niliwatangaza mapema, na kila aliyenipongeza nililazimika kumwambia baadaye. Hata Mama usimwambie. Tangu wiki mbili zilizopita nimeona damu kidogo. Daktari ameniweka kitandani, nisiinuke ila kwa haja, nisipande gari lolote. Nimelala naangalia mabati.

Najua utasema nije tu, nipige magoti mbele yake hata kama hawezi kusema. Hata kama barabara ingekuwepo nisingeweza. Na hata kama ningeweza, ningekanyagaje lile lango kabla hajaniita? Nikilikanyaga na huyu tumboni, yakampata ya wenzake, nitamwambia nani?

Naogopa. Naogopa kila nikiamka kabla sijapapasa tumbo. Sihitaji baraka ndefu. Nahitaji neno moja tu. "Njoo" peke yake inatosha. Hata akiandika "NJ" nitaelewa.

Anaweza kufa kesho. Na huyu naye anaweza kufa kesho. Mimi niko katikati, na katika yote nakutegemea wewe na hiyo bisibisi niliyoicheka. Nisamehe. Harakisha.

Rebeccah


Sosiot,
16 Novemba 1997

Mpendwa dada,

Salamu nyingi. Mama mzima. Ndama mzima. Mvua inaendelea.

Mwambie shemeji alisema kweli, kilikuwa ni kiungo kilichopasuka, nyuma kabisa, karibu na ule mtambo mdogo unaotanua picha kwenda juu na chini. Ufa wenyewe huuoni kwa macho mpaka uinamishe taa. Nilichomelea upya na picha ikafunguka yote. Ila kabla ya kugusa humo lazima kwanza utoe stima iliyojificha kwenye kioo, kwa sababu monita huiweka hata baada ya kuzimwa. Unafunga waya kwenye bisibisi, waya huo unaushikiza kwenye chuma cha fremu, halafu unaingiza ncha chini ya kile kifuniko cha mpira. Inapiga "pa!" ndipo unajua imekwisha. Kisha kapasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyoshika stima, zilikuwa zimevimba, nimezibadilisha kwa zile za redio ya gari. Vitufe navyo vilikuwa vimeshika uchafu, nimevitoa kimoja kimoja, nikavisafisha kwa spiriti na kipande cha fulana. Herufi A ilikuwa ngumu zaidi. Rangi ya kijani sasa imetulia vizuri, haichezi, isipokuwa pembe ya juu kushoto.

Baba anakula uji.

Jitunze sana, usiinuke. Nakuombea.

Kipkurui


Lodwar,
27 Novemba 1997

Kipkurui,

Hatujambo. Damu imepungua ila haijaacha.

Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu kapasita na mstari mmoja kuhusu Baba. Monita imepona, kompyuta imepona, vitufe vimepona, na mtu niliyemsubiri aongee anakula uji. Unadhani nimekuwa mjinga kwa kulala? Mimi nilikubeba mgongoni. Nakujua ukificha kitu: unaanza kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Ameulizwa au hajaulizwa? Kama ameulizwa, amejibu nini?

Niambie ukweli wote, hata kama ni mbaya. Kungoja ndiko kunakoniua zaidi.

Rebeccah


Sosiot,
8 Desemba 1997

Dada yangu,

Leo sina salamu ndefu. Sote tu hai.

Umetaka ukweli, na sina pa kujificha. Ameulizwa.

Siku ya kwanza nilimwacha abonyeze anavyotaka. Kidole kilikuwa kizito, hakiinuki upesi, kikatoa M moja baada ya nyingine mpaka kioo kikajaa M. Nikabadilisha maagizo ya mashine, kila mbonyezo utoe herufi moja tu. Zikatoka herufi zisizo na maana, nikaziandika na kuzigeuza huku na huku kutafuta neno ndani yake, hakuna. Nadhani maneno yenyewe yamevurugika kichwani, au kidole hakifuati. Akachoka, akaacha.

Basi nikafikiria njia nyepesi. Nikaandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa, zikajaa kioo chote: REBECCAH AJE NYUMBANI? Chini yake nikaweka N kwa ndiyo na H kwa hapana. Nikamwambia, "Baba, ni Rebeccah huyu. Bonyeza moja tu." Tulikuwa wawili, Mama alikuwa shambani.

Aliangalia jina lako muda mrefu. Midomo ikaanza kutembea. Nikasema Mungu wangu, anataka kuongea. Akajivuta mbele kwa mkono wa kushoto, akakaribia kioo, akatema mate. Yakaanguka juu ya jina lako kama tone zito, yakateremka.

Nilivuta monita haraka maana mate yakiingia kwenye matundu yake itateketea. Nikayapangusa. Nikajiambia ni ugonjwa, mdomo umelegea. Kesho yake nikaandika tena. Akatema tena. Siku nyingine tena, na safari hiyo baadhi yalianguka kwenye vitufe. Hakugusa N wala H. Nikafuta kila kitu kwa spiriti, nikaifunika monita kwa nailoni. Akalia, machozi yakapita upande ule uliokufa bila yeye kuyajua.

Sijamwambia Mama. Angekufa kwa aibu, mzee wake kulitemea mate jina la mtoto aliyemzaa. Nilitaka nikudanganye. Nilikaa na kalamu nikijiambia, andika tu "amebonyeza N", nani atajua, mashine haiweki kumbukumbu. Sikuweza. Neno la uongo lingekusaidia nini?

Nisamehe kwa kuiamsha hiyo mashine. Afadhali ningeiacha imekufa.

Kipkurui


Lodwar,
20 Desemba 1997

Kipkurui,

Nimeisoma. Asante kwa kutonidanganya.

Basi yameisha. Usimwulize tena, na usiniandikie kuhusu hilo. Krismasi njema kwa Mama.

R.


Lodwar,
29 Desemba 1997

Ndugu yangu, ndugu yangu,

Ipuuze ile barua fupi. Kama haijafika, ikifika ichome.

Nakuandikia nimelala ubavu, mwandiko utauvumilia. Baada ya barua yako nilikataa hata uji. Phelix aliacha kwenda kazini. Jana akaichukua, akaisoma tena polepole, halafu akaniuliza swali la mgeni: "Kwani kwenu mzee akitaka kubariki mtoto anafanya aje?"

Nikamwambia bila kufikiri, "Anamtemea mate kifuani, ama mikononi." Nikasikia nilichosema.

Kipkurui! Tulisoma mpaka tukawa wajinga? Ulikuwa umeketi karibu na mzee wa Kipsigis, akaona jina la binti yake, akajivuta kwa mkono mmoja mzima alionao, akainama, akalitemea, na wewe ukatafuta jibu kwenye kitufe cha N! Mtu anayedharau hutema chini na kugeuka. Baba aligeuka? Umeandika mwenyewe kwamba alijisogeza mbele. Ulipokuwa unakwenda kufanya mtihani wa darasa la nane alikufanya nini? Si alikutemea viganja vyote viwili, nawe ukavisugua kwenye uso? Ila wakati ule alikuwa na mdomo mzima, yakatoka kama umande. Sasa mdomo ni nusu, yanatoka kama tone zito, na wewe ukaogopea waya.

Na alisema nisirudi mpaka aniite kwa mdomo wake. Mate yametoka wapi, sikioni?

Nimecheka na kulia mpaka majirani wakaja. Lakini sasa nina hofu mpya kuliko zote. Amenipa mara tatu, na mara tatu amemwona mwanawe akiyafuta kwa spiriti. Amefikiria nini? Kwamba tumekataa? Kwamba mimi nimekataa?

Toa hiyo nailoni leo. Usimalize hata kusoma. Andika jina langu, mwite Mama awepo, na umwambie Baba kwamba Rebeccah amepokea. Mwambie kwa sauti, kwa Kikipsigis chetu. Na akitema, tafadhali, usifute.

Wanasema barabara imekatika Kainuk na magari ya posta hayapiti. Barua hii naipeleka hivyo hivyo kwa imani. Mtoto anacheza. Bado miezi miwili kasoro.

Rebeccah


Kitale,
25 Januari 1998

Dada,

Baba amefariki. Naliandika mbele kwa sababu nikilizunguka sitalifikia. Alifariki tarehe kumi na moja Januari asubuhi, Mama akimlisha. Tulimzika Ijumaa, mvua ikatuachia saa za kuzika tu. Barua zako mbili zilikuja pamoja Jumatatu iliyofuata, kwenye mfuko mmoja wa posta uliolowa. Ile fupi nilianza nayo. Kisha nikafungua ile ndefu.

Rebeccah, siku zake zote za mwisho alikuwa akinyoosha kile kidole kuelekea banda. Siku moja nilipomrudisha bandani alikinyoosha kwenye nailoni. Nikadhani hataki kuiona monita machoni pake. Nikaigeuza ikaangalia ukuta. Mimi ndiye niliyeigeuza. Hilo nitakufa nalo.

Nilikwenda kwa Mama na barua yako nikamwambia yote, na hali yako pia, maana sikuweza kubeba peke yangu. Mama alikaa chini pale pale kwenye matope. Nilidhani atanipiga. Aliuliza tu, "Hiyo mate iliangukia wapi?"

Nikasema, kwenye kioo, Mama. Na kwenye vitufe.

"Nani alipangusa?"

"Mimi."

"Na nini?"

Nikasema, kwanza na mikono, kwa haraka. Halafu ndiyo nikachukua kitambaa.

Akanishika mikono yote miwili, akaifungua, akaiangalia kama mtu anayetafuta mwiba. Akasema, "Si hii ndio ilipokea. Baba yako alipeana, na mkono ya mtoto wake ikapokea. Sasa unakaa hapa na mimi unafanya nini? Toka. Pelekea dada yako."

Nikamwambia barabara imekatika. Akaniambia nikasimame pale ilipokatika.

Kwa hiyo niko Kitale. Sikuaga kiwandani, huenda sina kazi tena. Malori yamepanga foleni, madereva wanasema mto umekula barabara Kainuk na hakuna anayejua siku. Kuna ndege ndogo ya misheni inayobeba dawa na barua. Nilimwomba rubani anibebe hata kama gunia, akakataa, akasema uzito umejaa dawa. Barua hii ameikubali.

Sijasalimiana na mtu kwa mkono tangu nitoke nyumbani. Watu wananiona nina maringo, nimeingiza mikono mfukoni kama chifu. Ninakula kwa kijiko. Najua ni upuuzi. Mimi ni fundi wa stima, najua spiriti inafanya nini, inaondoa kila kitu. Lakini Mama amesema baraka imo, na sina kitu kingine cha kukuletea.

Sijui kama umejifungua. Sijui kama mko hai. Tafadhali muwe hai. Vumilieni mpaka nifike, wewe na yeye, ninakuja hata kwa miguu.

Kipkurui


Lodwar, hospitalini,
3 Februari 1998

Mdogo wangu Kipkurui,

Rubani wa misheni anarudi leo, na Phelix amempa barua hii akutafute kwenye foleni ya malori. Amemwambia atafute Mkipsigis aliyeingiza mikono mfukoni.

Nimemlilia Baba. Nimemlilia mpaka Phelix akaogopa, akaita watu. Sikumzika, sikumfunika hata kwa konzi ya udongo, na nimekosa uso wake kwa miaka mitano kwa ajili ya kiburi chake na changu. Hiyo haitapona upesi, na usijaribu kuitengeneza.

Mtoto alikuja siku mbili baada ya wewe kuandika, kabla ya wakati wake. Ni msichana. Alitoka amenyamaza kama yule mwingine, na mimi nikageuza uso ukutani. Halafu akalia, sauti nyembamba kama ya paka. Ni mdogo mno, Kipkurui, mguu wake wote unaenea kwenye kidole changu. Amewekwa kwenye kijisanduku chenye taa ya kumtia joto, na taa yenyewe inayumbayumba. Daktari hasemi atapona wala hatapona. Anasema tungoje. Basi nangoja, kazi hiyo nimeizoea. Jina bado hatujampa, tunakungoja wewe.

Malori ya kwanza yamevuka Kainuk jana. Panda lolote. Lile lango la nyumbani nitalikanyaga siku moja nikiwa nimembeba huyu, wala sitaomba ruhusa.

Ukifika hapa, jambo moja. Nesi wa wodi hii ni mkali, hamruhusu mtu yeyote kumgusa mtoto bila kuosha mikono, na ameshamfukuza hata mchungaji. Usibishane naye, wala usimweleze habari zetu. Osha tu. Kama spiriti yako haikuiondoa, sabuni haitaiondoa.

Dada yako,
Rebeccah